Maji Yalikotoka

Machi 2018, mvua za masika zilipokuwa zimepamba moto, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok nchini Kenya ilikatika. Ufa mpana ulipita mashambani, ukaikata lami, ukaendelea upande wa pili. Picha zake zilienea dunia nzima kwa siku chache, na magazeti ya nje yakatangaza kwamba bara la Afrika limeanza kupasuka vipande viwili. Wengi waliimeza habari hiyo nzimanzima, kwa kuwa Bonde la Ufa linapanuka kweli. Ila linapanuka kwa milimita chache kwa mwaka, na milimita chache hazikati barabara. Wanajiolojia waliokwenda kuangalia walikuwa na maelezo yasiyo na vishindo. Eneo lile limefunikwa na majivu ya volkano za kale, laini na yasiyoshikana. Maji ya mvua yalikuwa yakipenya chini na kuyachukua majivu hayo kidogo kidogo, juu pakabaki ganda. Ilipokuja mvua kubwa, ganda likaanguka. Hata kama chini yake kulikuwa na mpasuko wa zamani uliofukiwa, aliyeufukua ni maji.

Hadithi ya bara kupasuka ina raha yake: haina mkosaji, na hakuna wa kutozwa faini. Mmomonyoko, kinyume chake, unaleta maswali ya jirani kwa jirani. Maji yale yalitoka wapi? Kwa nini yakaja mengi na kwa kasi pale, ilhali mvua ilinyesha bonde zima? Nani alifyeka mlima, nani alichimba mtaro, mifugo ya nani ilipita njia ile? Kwa kawaida maswali hayo humwangukia anayeonekana kwa urahisi zaidi, yaani anayeishi ukingoni mwa korongo.

Tabia hiyo imehamia hata kwenye matumizi ya kila siku ya neno lenyewe. Ukuta wa tope humomonyoka, ukingo wa mto humomonyoka, lakini anayesikiliza redio leo atasikia mmomonyoko wa maadili mara nyingi kuliko mmomonyoko wa udongo. Mimbarani, bungeni, kwenye mahafali ya shule, msemaji huyataja maadili yanavyomomonyoka kisha huwageukia vijana, kana kwamba waliyamomonyoa wao. Ni nadra msemaji kupanda mlima kuangalia yaliyoteremka kutoka juu: ada zilizopanda, kazi zilizokauka, wakubwa waliokula hadharani. Udongo umeshughulikiwa namna hiyo hiyo kwa takriban miaka mia moja, na historia yake inastahili kusomwa pole pole.

Safari ya udongo huanza na tone. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likikuta ardhi tupu hulipasua bonge na kurusha chembe kila upande. Anayetaka ushahidi aangalie ukuta uliopakwa chokaa baada ya mvua: ule mkanda mwekundu wa madoa unaoanzia chini ni udongo wa uani uliorushwa na matone. Chembe laini huziba matundu ya ardhi, uso ukaganda, na maji ambayo yangezama yakaanza kutembea. Mwanzoni hutembea kama utando mwembamba juu ya shamba zima. Hatua hiyo ndiyo inayomfilisi mkulima, na ndiyo asiyoiona, maana inabeba tabaka la juu lenye rutuba huku shamba likionekana lilelile. Dalili zake ni ndogo: kijiwe kilichosimama juu ya kiguzo cha udongo kwa sababu kilikikinga, wakati udongo wa pembeni umeshaondoka, mizizi ya mwembe iliyokuwa chini ya ardhi na sasa watoto wanaikalia, mchanga safi uliojikusanya nyuma ya kila bua lililolala.

Utando ukipata mkondo unakuwa vijifereji, ambavyo jembe la msimu ujao huvifuta, na mkulima akadhani tatizo limekwisha. Mifereji isiyofutika ndiyo makorongo. Korongo hukua kwa kurudi nyuma: maji yanaporuka kwenye ukingo wa juu huchimba chini ya kichwa chake, udongo unaning'inia, unaporomoka, na kichwa kinasogea hatua moja kuelekea maji yanakotoka. Kwa hiyo anayejaza mawe na takataka katikati ya korongo anahangaika na mkia.

Kama kuna mahali pa kujifunzia habari hii Tanzania, ni Kondoa, kwenye milima ya Warangi kaskazini mwa Dodoma. Makorongo ya huko yamepigwa picha, yamepimwa na kuandikiwa tasnifu kuliko pengine popote nchini. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa ikinunua nafaka, na anayelisha misafara hulima zaidi ya anachokula. Wajerumani wakajenga boma lao. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana Kondoa-Irangi, na majeshi nayo yanakula. Kisha kulikuwa na mbung'o: pori lenye wadudu hao liliizunguka milima, watu na ng'ombe wao wakabanana juu, palipokuwa salama. Maofisa wa Kiingereza walipofika na madaftari yao katika miaka ya 1930 waliona milima imevuliwa nguo, ng'ombe wengi na makorongo mekundu. Wakaandika kuwa ng'ombe ni wengi mno na wenyeji hawajui kulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia zilihamishwa kushuka tambarare, na waliobaki wakashurutishwa kuchimba matuta.

Sayansi ya baadaye iliitikisa hukumu hiyo. Watafiti walipima umri wa mashapo yaliyorundikana chini ya vilima, kwa njia inayoonyesha chembe ya mchanga iliona mwanga wa jua mara ya mwisho lini. Wakakuta kwamba sehemu ya udongo ule iliteremka maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba wimbi jingine la mmomonyoko lilianza karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Ziwa Haubi, linalopendeza wageni, ni zao la mashapo hayo, na umri wake ni wa takriban tangu mwanzo wa karne ya 20. Haya hayawaoshi wafugaji wa Kondoa mikono. Yanaonyesha tu kwamba ng'ombe wa mwaka 1935 alikuta kesi imeshafunguliwa zamani.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana na wote kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden kupitia shirika lake la misaada, SIDA. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mitambo na miche. Matrekta yalichonga makinga maji vilimani, vitalu vya miti vikafunguliwa. Lakini mifugo ilikuwa ikipita juu ya makinga maji yale yale, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameonyeshwa pengine pa kuipeleka. Mwaka 1979 serikali ikachukua hatua ambayo nchi chache zimewahi kuthubutu: mifugo yote iliamriwa kuondoka, ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata punda, katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wanyama wapatao 90,000 walitolewa.

Ardhi iliitika. Ndani ya miaka michache nyasi zilirudi, vichaka vikaziba majeraha, mito ya mchanga iliyokuwa mipana ikaanza kujibana, na kwenye mchanga uliotulia watu wakalima. Picha za kabla na baada zilizunguka kwenye warsha nyingi, na mtu akizitazama peke yake anaweza kufunga faili.

Nyumbani hesabu ilikuwa nyingine. Familia bila ng'ombe haina maziwa, haina maksai wa kulimia, haina samadi, haina akiba ya kuuza mtoto akiugua na haina mahari. Mzigo aliokuwa akiubeba punda, maji, mavuno na kuni, ulihamia kwenye kichwa cha mwanamke. Gharama hiyo haikuwa na safu yake kwenye taarifa za mradi. Ng'ombe nao hawakuyeyuka. Walikwenda kwa ndugu tambarare, na malisho ya huko yakabeba mzigo wa wenyeji na wa wageni. Kondoa ilipona kwa sehemu kwa kuwahamishia wengine ugonjwa, jambo ambalo picha za mlimani haziwezi kuonyesha. Mwaka 1986 amri ya namna hiyo ilipelekwa Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma.

Kilichobadilisha mambo kwa familia nyingi kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, pale ng'ombe wa maziwa waliporuhusiwa kufugwa bandani, wakikatiwa majani na kuletewa. Hapo kinga maji lililokuwa la mradi likawa la mama mwenye nyumba, maana majani yaliyooteshwa juu yake yalikuwa chakula cha ng'ombe wake. Ufugaji huo haukuwafikia wote, kwa kuwa ng'ombe wa maziwa ni ghali, na mradi ulipofifia katika miaka ya 1990 mifugo ya kawaida ilianza kurudi mlimani kimyakimya. Hata hivyo uhusiano kati ya tuta na kikombe cha maziwa ulikuwa umeshaeleweka.

Machakos, nchini Kenya, inasimulia jambo hilo kwa mkondo mwingine. Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya hifadhi yao huku nyanda jirani zikiwa zimekatiwa walowezi. Katika miaka ya 1930 ofisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, alitoa taarifa zenye giza kuhusu milima yao, na kwa alichokiona wakati ule hakutia chumvi sana. Tiba ya serikali ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 mifugo ilinyang'anywa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, mnunuzi mkubwa akiwa kiwanda kipya cha nyama cha Liebig huko Athi River. Maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi na kukaa huko wakidai kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa uhamishoni Lamu. Kampeni ya kunyang'anya ng'ombe hata hivyo ilisimamishwa, na hapo serikali ya kikoloni ikajifunza kwamba ng'ombe wa mtu si takwimu.

Baada ya vita yakaja makinga maji ya lazima, na watu waliyachimba kwa kinyongo. Mabadiliko yalianza miaka ya 1950 watu walipopata nafasi ya kuchagua namna ya kuchimba. Wengi walichagua fanya juu. Unachimba mtaro kufuata mkunjo wa kilima, na udongo wake unautupa upande wa juu. Kazi hiyo ni nzito kuliko kuutupa chini, lakini faida yake inaonekana: kila mvua inaleta mashapo nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa mteremko umejisawazisha wenyewe kuwa ngazi. Juu ya tuta hupandwa majani ya tembo kwa ajili ya mifugo, ndani ya mtaro migomba au mipapai inayofurahia unyevu. Kazi ilifanywa kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana vya jadi, ambavyo polepole vilikuja kuwa vya wanawake zaidi, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mjini wakitafuta mshahara. Leo vitabu vya wataalamu wa udongo katika mabara mengine vinaandika fanya juu hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ambacho bado kinabishaniwa. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu wilayani iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado milima ilikuwa na miti zaidi, ngazi zaidi na mavuno zaidi kwa kila mtu kuliko zamani. Wakosoaji wakajibu, na kwa haki, kwamba Machakos iko jirani na soko la Nairobi, kwamba kahawa na mishahara ya mjini ndiyo iliyolipia matuta mengi, na kwamba kaya maskini za upande mkavu wa Makueni hazikuonja mafanikio hayo kwa kiasi kilekile. Ubishi huo una afya. Ila hata wakosoaji hawakurudi kwenye hoja ya Maher kwamba watu wengi na ng'ombe wengi wanatosha kueleza kila korongo.

Katika milima ya Uluguru, nchini Tanzania, watu walikataa kabisa. Mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka ya 1950 uliwataka Waluguru wachimbe ngazi pana kwa lazima, siku kadhaa kila wiki. Kwenye miteremko ile mikali yenye udongo mwembamba, ngazi ilipindua ardhi na kuleta juu udongo wa chini usio na rutuba. Watu walichimba, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955 Matombo kulizuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa kichanga, kikapata wanachama milimani kwa sababu ya matuta. Wataalamu wa siku zile waliliita tukio hilo ukaidi wa wenyeji, ingawa mwenye kuvuna ndiye aliyekuwa na kipimo sahihi.

Wakati huohuo, mbali kusini huko Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima miteremko mikali vilevile bila afisa yeyote kuwafundisha. Njia yao inaitwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana kama dirisha la nondo. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila chumba na kufunika nyasi hizo pande zote nne. Shamba zima linakuwa vishimo vilivyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata. Maji ya mvua yanatua ndani ya kishimo na hayapati nafasi ya kukimbia, nyasi zinaoza chini na kuwa mbolea. Udongo unakaa palepale kwa sababu mkulima anayeutunza ndiye anayeula.

Leo, hata hivyo, ramani ya mmomonyoko haianzii tena shambani peke yake. Chanzo kikubwa cha makorongo mapya, mijini na vijijini, ni kitu ambacho kila mtu anakiombea: barabara. Barabara hukusanya maji ya kilomita nzima ya mlima, huyapitisha kwenye mtaro, huyakusanya tena kwenye kalavati moja na kuyatema upande wa pili kwa kasi ambayo mteremko haujawahi kuiona. Chini ya mdomo wa kalavati huanza shimo, shimo linakuwa korongo, korongo linaelekea kwa mtu. Paa za mabati nazo zinachangia. Mtaa wa vilimani wenye mabati elfu moja na bila mitaro ni mlima ulioezekwa. Huko Kongo, Kinshasa na Bukavu, mabonde yaliyochimbwa na maji ya paa na barabara yamemeza nyumba, na wanaolaumiwa ni waliojenga pembeni, ambao mara nyingi walijenga kabla bonde halijafika.

Pwani maelezo hugeuka kidogo, kwa kuwa huko tatizo ni udongo usiofika. Fukwe za Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zimekuwa zikiliwa kwa miongo kadhaa, na hoteli ya Africana iliyokuwa maarufu imeshachukuliwa na bahari. Mawimbi ndiyo yanayoonekana yakila. Lakini ufukwe hulishwa na mchanga wa mito, na mchanga wa mito ya karibu umekuwa ukichotwa kwa malori kwenda kwenye matofali na zege. Kuta za mawe zinazojengwa na mwenye kiwanja mmoja hushika mchanga upande wake na kumnyima jirani aliyeko mbele ya mkondo. Kila mmoja akijenga ukuta wake, mgogoro unasogea kiwanja kimoja kaskazini.

Jaribio la kuvutia zaidi la kuanzia kwenye chanzo lilizinduliwa Kenya mwaka 2015, kwenye vyanzo vya mto Tana vinavyoipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Udongo wa mashamba ya juu ulikuwa ukiingia kwenye mabwawa na mitambo ya kusafishia maji, na kila kampuni ya chini ililipa kwa njia yake. Mfuko wa maji wa Upper Tana uliamua kuwa ni nafuu kumsaidia mkulima wa juu kwa miche, ngazi na vibwawa vya kuvunia mvua kuliko kuchimbua tope bwawani. Wanaotumia maji chini wanachangia, anayeshika udongo juu anapata kitu. Hapana shaka mpango huo una mapungufu yake, lakini angalau umeandika jina la mkulima upande wa wanaolipwa.

Kwenye barabara hesabu ya namna hiyo bado haijafika mbali. Mkandarasi hukabidhi kazi, lami inang'aa, mtaro unaishia pale eneo la barabara linapokoma. Kuyafikisha maji hadi mtoni kwa usalama kunataka ngazi za mawe, visima vya kupunguza kasi na majani yaliyopandwa na kutunzwa misimu kadhaa, na vyote hivyo vinaweza kuandikwa kwenye zabuni kama inavyoandikwa kokoto. Visipoandikwa vinalipiwa vilevile, ila anayelipa ni mwenye shamba la chini ya kalavati. Huyo halipi kwa fedha, analipa kwa eka. Mwaka wa tatu, korongo likishafika uani kwake, hufika pia afisa kumwonya asilime karibu na kingo.